Barua Iliyopitiwa Mara Nne

Cassian Byarugaba alikufa akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, katika hospitali ya misheni upande wa Uganda, kwa jeraha la mguu ambalo daktari alikuwa na uwezo wa kulimaliza. Kilichohitajika ni ruhusa ya mama yake. Barua ya kuomba ruhusa hiyo iliandikwa, ikafika, kisha ikakaa siku kumi na tisa juu ya meza ya mjomba wake huko Bweranyange bila kusomwa. Hakuna aliyeiiba, wala mvua haikuilowesha. Ilikuwa mezani mchana kutwa, mbele ya macho ya mtu aliyejua Kiingereza.

Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Wengi hudhani methali hii inawasema wasomi wavivu, wanaokaa bure na vyeti vyao. Mjomba huyo, Egbert Kaijage, hakuwa mvivu. Mwezi ule wa Septemba, mwaka 1953, alifanya kazi kuliko mtu yeyote kijijini.

Egbert alisoma shule ya misheni mpaka darasa la sita, akawa karani wa kupima kahawa pale Bugene kwa miaka kumi na mmoja, kisha akarudi kwenye kibanja, shamba la migomba la baba yake, Bweranyange. Kijiji kizima kilimwita Karani. Padre mmoja wa Kizungu, aliporudi kwao, alimwachia kamusi ya Kiingereza nene kama tofali. Mchwa walikuwa wameila mwanzo wake, herufi A yote na nusu ya B, lakini sehemu iliyobaki ilitosha kumfanya mtu ajione tajiri.

Rwezaura, mfanyabiashara kutoka Muleba aliyekuwa na duka Bugene, alikuwa akiletewa na dereva wa lori gazeti la Kiingereza kutoka Nairobi. Yeye alitazama bei ya kahawa tu, kisha akampa Egbert. Ukurasa wa mwisho wa gazeti hilo ulikuwa na shindano. Msomaji alipewa herufi chache, naye alitakiwa kutafuta maneno marefu ya Kiingereza ambayo kila moja lina herufi zote hizo ndani yake. Haikujalisha zimepangwaje, mradi ziwemo. Mwenye maneno marefu kuliko wenzake alipata zawadi.

Egbert alianza kwa mchezo, kama mtu anayeonja pombe kwa ncha ya ulimi. Mwaka 1951 akapata zawadi ya tatu, kalamu ya wino. Jina lake lilichapwa gazetini. Rwezaura aliukata ukurasa ule akaubandika dukani, na watu wasiojua kusoma walipelekwa kuonyeshwa mahali jina lilipo. Tangu siku hiyo Egbert hakuwa tena mtu wa kawaida. Alipopita kilabuni, watu walimsogezea kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, wakimwuliza, "Karani, leo umevua neno la futi ngapi?"

Katika arusi moja waliomba awabariki maharusi kwa neno refu kuliko yote aliyonayo. Egbert alisimama, akakohoa, akatamka mara tatu: "Presumptuousness." Wanawake wakapiga vigelegele. Methodius, katekista wa kijiji, aliyekuwa na desturi ya kuuliza mambo, akamsogelea baadaye.

"Karani, lile neno maana yake nini?"

"Lina herufi kumi na sita."

"Nimeuliza maana."

"Maana haimo katika shindano, katekista," Egbert alijibu, na waliokuwa karibu wakacheka.

Neno lile lina maana ya kiburi. Egbert aliliona katika kamusi, lakini hakushusha jicho mstari wa chini. Hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wake. Kusoma Kiingereza kwa maana kulimtoa jasho, kama kupanda kilima na mzigo. Kukitafuta kwa herufi kulimpa raha. Jicho lake likazoea kuruka maneno mafupi, kama kuku anavyoruka makapi akitafuta punje. Kumbe katika lugha yoyote, mambo makubwa husemwa kwa maneno mafupi.

Gazeti la Septemba lilileta herufi tano: P, U, T, M na N. Yalitakiwa maneno kumi na mawili, na kila moja lisipungue herufi kumi. Zawadi ya kwanza ilikuwa baiskeli mpya. Bahasha ilipaswa kuondoka na lori la Bugene Jumamosi ya tarehe ishirini na sita. Egbert aliweka meza yake karibu na dirisha, akaanza kuifukua kamusi ukurasa kwa ukurasa. Mkewe, Stephania, alipalilia maharage peke yake.

"Baba Joviana, ndizi zinaangushwa na upepo," alimwambia siku moja. "Miti ya kuegemezea unaikata lini?"

"Nikimaliza herufi S."

"Basi upepo nitauambia usubiri herufi S."

Tarehe kumi, saa za alasiri, aliingia Anatolia, mdogo wake Egbert wa tumbo moja. Alikuwa mjane, akiishi Kaisho, na kutoka huko mpaka Bweranyange kwa miguu ilikuwa safari ya kutwa. Vumbi lilimfika magotini. Stephania alimpokea mzigo, akamletea maji na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama ilivyo heshima ya mgeni. Anatolia hakuigusa kahawa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Mama Cassian. Umetoka Kaisho na miguu hiyo?"

"Miguu mingine ningeipata wapi?" Alifungua kipande cha kitambaa, akatoa barua. "Imeletwa misheni juzi. Mihuri ni ya Uganda. Imemshinda katekista wetu. Amesema ni Kiingereza, niilete kwa mwenye lugha. Na mwandiko si wa Cassian. Mwanangu huandika herufi zimesimama. Hizi zimelala."

Cassian alikuwa mwanawe wa pekee. Mwaka uliotangulia alikwenda Buganda kukata miwa, ili apate mali ya kumwoa binti aitwaye Kemigisha, ambaye mahari yake ilikuwa imeshazungumzwa. Kila baada ya miezi miwili alimwandikia mama yake kwa Kiswahili, barua fupi zenye salamu nyingi.

Egbert aliipokea barua. Mwandiko ulikuwa wa Kizungu, umelala kama nyasi baada ya mvua. Aliuona ugumu wake, akachoka kabla ya kuanza. Kisha jicho lake likafanya lilichozoea. Likaruka maneno madogo, likakimbia mstari hadi mstari, na katikati ya ukurasa likatua. Egbert akaisogeza karatasi kwenye mwanga. Akahesabu kwa kidole. P imo. U imo. T, M, N zimo. Herufi kumi kamili. Tena neno lenyewe lilianza na A, herufi iliyoliwa na mchwa.

"Inasema nini?" Anatolia aliuliza.

"Ngoja." Alichukua penseli, akapiga mstari chini ya neno lile, kisha akalinakili kwenye orodha yake: "Amputation." Lilikuwa neno lake la kumi. Yalibaki mawili.

"Kaka, inasema nini?"

Egbert alitazama tena juu juu. Akaona neno hospitali, akaona neno daktari. "Mwanao anaumwa kidogo. Yuko hospitali ya Wazungu, anatibiwa na daktari. Mgonjwa haandiki mwenyewe, ndiyo maana mwandiko ni mwingine."

"Anaumwa nini?"

"Hiyo inataka kusomwa kwa utulivu. Kiingereza hiki ni kirefu. Niachie, nikimaliza kazi hii nitakusomea yote, neno kwa neno."

"Kazi hiyo inaisha lini?"

"Si muda mrefu."

Stephania alisimama mlangoni na jembe mkononi. "Msomee dada yako, Baba Joviana. Kurasa mbili tu hizo."

"Wewe umejuaje kama ni mbili? Umeanza kusoma lini?"

"Kuhesabu karatasi hakuhitaji shule."

Egbert alirudi kwenye kamusi. Anatolia alilala pale, na asubuhi akarudi Kaisho na nusu ya habari, akijifariji kwamba mtu aliye mikononi mwa daktari ana heri kuliko aliye mikononi mwa mganga wa kienyeji. Nusu ya habari ni mbaya kuliko kukosa habari. Asiyejua kitu hukimbia kutafuta. Aliyeambiwa nusu hukaa akingoja.

Siku zilizofuata Egbert aliirudia barua. Alifikiri kwamba kama imetoa neno moja, huenda imeficha na jingine. Aliipitia kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, akisaka herufi zake tano. Hakupata. Aliipitia barua ile mara nne, na hakuisoma hata mara moja.

Tarehe kumi na nane Anatolia alikuja tena, na safari hii alibeba kibuyu cha rubisi na jogoo. Methodius alikuwa amekaa barazani, amekuja kutazama kazi za Karani.

"Shikamoo, katekista. Kaka yupo?"

"Marahaba, mama. Yupo ndani, anapigana na Waingereza. Mpaka sasa hakuna aliyejeruhiwa."

Anatolia hakucheka. Aliingia, akaweka jogoo chini, akakaa sakafuni juu ya nyasi. Alikaa mpaka kivuli cha mlango kikageuka. Egbert alikuwa amebakiza neno moja.

"Kaka, sikukusudia kukusumbua."

"Hunisumbui."

"Ile barua."

"Jumamosi ya wiki ijayo bahasha inaondoka na lori. Baada ya hapo ni wewe na mimi. Siku nane tu, dada. Umengoja siku nane, huwezi kungoja nane nyingine?"

"Ninamwota, kaka. Amekaa tu, hasimami."

"Ndoto ni za njaa. Stephania, mpe chakula."

Barua ilikuwa pale mezani, chini ya kamusi, ncha yake imejitokeza. Anatolia aliitazama. Angeweza kunyoosha mkono akaichukua, akaipeleka kwa padre kule parokiani, mwendo wa nusu siku. Padre angeisoma akiwa amesimama. Lakini watu wa nyumba ile walilelewa hivi: barua ukishampa mkubwa wako akusomee, huiombi tena. Kuiomba ni kumtangazia kwamba hajui, ni sawa na kumpokonya tonge mbele ya wageni. Na Egbert ndiye aliyemsimamia kaburini siku mumewe alipozikwa. Anatolia aliinuka, akaaga kwa adabu, akaondoka na mikono mitupu.

Barazani Methodius alimwambia Egbert, "Karani, yule mama amekuja na jogoo. Mtu haleti jogoo kwa jambo dogo. Kama Kiingereza cha barua ile kimekushinda, sema. Nitaipeleka parokiani mimi, na hakuna atakayejua."

Maneno hayo yalimchoma Egbert kama siafu. "Kimenishinda? Mimi niliyechapwa gazetini?"

"Basi isome."

"Nitaisoma wakati wangu."

Angeisoma siku ile, wangewahi.

Neno la kumi na mbili lilipatikana tarehe ishirini na nne. Jumamosi Egbert alitembea hadi Bugene, akaikabidhi bahasha kwa dereva wa lori, akanywa kwa Rwezaura mpaka Jumapili. Jumatatu alilala. Jumanne, Anatolia aliingia kwa mara ya tatu. Hakuwa na mzigo wowote. Hakuamkia. Alikaa sakafuni, akasema, "Soma."

Egbert alivaa miwani yake, akanyoosha karatasi, na kwa mara ya kwanza akaanza mwanzo. Alitafsiri polepole, akikwama, akirudi nyuma. Barua ilitoka kwa sista wa hospitali. Ilisema Cassian alijikata mguu kwa panga katika shamba la miwa, jeraha likaoza, na homa ikamfanya ashindwe kushika kalamu. Daktari alitaka kuukata mguu chini ya goti, na alikuwa na hakika kwamba baada ya hapo kijana angepona. Lakini Cassian alikataa katakata. Alisema mguu ule alitoka nao kwa mama yake, hauwezi kubaki ugenini bila mama kujua. Alisema, mama akikubali, kateni. Sista aliendelea kuandika: "Tafadhali njoo. Kama huwezi kuja, tuma neno moja tu la kukubali, kwa simu ya maandishi kutoka Bukoba au kwa mtu yeyote. Daktari hawezi kungoja kupita tarehe ishirini na tano."

Egbert aliweka karatasi mezani.

"Leo ni tarehe ngapi?" Anatolia aliuliza.

Stephania ndiye aliyejibu, sauti yake ikiwa chini. "Ishirini na tisa. Leo ni sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli."

Anatolia alisogea karibu na meza. "Nionyeshe mahali palipoandikwa kukatwa."

Egbert aliweka kidole chini ya neno. Dada yake aliinama, akaitazama karatasi kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama nyayo za mnyama.

"Huu mstari wa penseli ni wa sista?"

"Hapana. Ni wangu."

"Kwa hiyo uliliona."

"Nililiona."

"Siku ile ya kwanza?"

"Siku ile ya kwanza. Sikujua maana yake."

"Hukujua," Anatolia alisema. "Na hukuuliza."

Waliondoka saa ile ile, ndugu wawili, wakitembea bila kusemezana. Walivuka mto Kagera pale mpakani Murongo kwa mtumbwi, wakapata lori la mizigo, wakatembea tena. Walifika hospitalini Jumamosi, tarehe tatu Oktoba. Sista alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono myekundu kwa kufua. Alipolisikia jina la Cassian, aliwaketisha kwenye benchi, kisha akaanza kusema kwa Kiingereza, akimtazama Anatolia usoni.

"Anasema nini?" Anatolia aliuliza.

Egbert alikuwa na uwezo wa kupunguza. Angeweza kusema nusu, kama alivyokwisha kufanya. Lakini macho ya dada yake yalikuwa yamemkazia, akatafsiri yote. "Anasema Cassian alikufa Jumatatu, alfajiri. Wamemzika."

"Endelea. Bado anasema."

"Anasema tarehe ishirini na tano daktari alimsihi tena. Cassian akajibu, mama yangu hajashindwa kujibu barua hata siku moja. Yuko njiani. Ngojeni."

Sista aliuliza jambo, kisha akaliuliza tena.

"Anauliza nini?"

"Anauliza kama barua yake ilichelewa kufika."

"Mjibu."

"Nimjibu nini?"

"Mjibu ukweli. Kiingereza si unacho?"

Egbert alimjibu sista. Alitumia maneno mafupi, kwa kuwa hakuna mengine yaliyofaa. Kwamba barua haikuchelewa. Kwamba ilikuwa kwake. Sista alimtazama kwanza kama mtu ambaye hakusikia vizuri, kisha akainuka, akampita, akaenda kumshika Anatolia mkono, akamwongoza hadi makaburini. Egbert alibaki kwenye benchi. Hakuitwa.

Shindano lile alishinda mtu mwingine. Rwezaura alimletea Egbert gazeti la Novemba, lakini halikufunguliwa. Stephania alilitumia kuwashia moto. Watu wa kilabuni waliacha kumwuliza amevua neno la futi ngapi. Hawakumtukana, walinyamaza tu anapopita, na kwa mtu aliyezoea kusogezewa kibuyu, ukimya ule ulikuwa mkali kuliko tusi. Alipoombwa kusoma barua, alisema macho yake yameharibika. Yalikuwa mazima.

Anatolia hakumshitaki kwa wazee. Walipomshauri aite kikao cha ukoo, alisema kikao hakisomi barua. Alirudi Kaisho, akamrudishia Kemigisha shanga zake za uchumba, akamwambia aolewe pengine, akaendelea kulima. Bweranyange hakukanyaga tena.

Hesabu yake ni hii. Barua moja ya kurasa mbili. Siku kumi na tisa. Safari tatu za mama kwenda kwa kaka yake kwa miguu, moja na jogoo, moja na mikono mitupu, na zote kwa adabu isipokuwa ya mwisho. Mguu mmoja ambao ungekatwa, na badala yake mtu mzima akazikwa nao. Binti mmoja aliyeachwa. Miaka kumi na minne ambayo ndugu wawili wa tumbo moja hawakusemezana, mpaka mdogo akafa, na mkubwa akasimama mbali siku ya maziko. Maneno kumi na mawili ya Kiingereza yaliyotumwa Nairobi. Neno moja lililotakiwa Uganda, nalo halikutumwa.

Elimu bila amali ni kama nta bila asali.